Gari, Kibanda, Mtumbwi au Kamera ya Mbali? Njia Nne za Kupiga Picha Ndege wa Majini na Viota Vyao

Mtu anayeanza kupiga picha za ndege wa majini wenye miguu mirefu hufika mahali pamoja ambapo wengi wetu tumepita. Kamera anayo, lenzi ndefu ameipata kwa shida, na mahali pa ndege amekwisha kupagundua: labda ni mgunga ulioinamia bwawa, umejaa yangeyange wakati wa masika, au ni ukingo wa mchanga ambako jozi ya ndege imeanza kuhangaika kama wanaotaka kutaga. Kinachomsumbua ni jinsi ya kuwakaribia. Akae garini? Ajenge kibanda cha kujifichia? Akodi mtumbwi? Au aitege kamera karibu na kiota, yeye akae mbali na kuiamuru kwa rimoti?

Maswali haya huulizwa kama maswali ya vifaa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Niliwahi kulala kifudifudi kwenye uwanda mkavu wa mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi, nikimlenga ndege mdogo wa ukingoni ambaye wanasayansi wamempa jina la Kittlitz. Alikuwa ameatamia mayai mawili kwenye kishimo kisichozidi kina cha kijiko. Niliposogea hatua mbili zaidi aliinuka, lakini hakuruka. Alibaki palepale juu ya mayai, akipigapiga miguu kwa haraka huku akijizungusha, na mchanga ukawa unarukia ndani ya kishimo. Kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuusimulia, mayai yalikuwa yamefukiwa na ndege amekimbia. Nilifurahi mno kuliona jambo lile kwa macho yangu, mpaka nilipogeuka nikamwona kunguru ametua juu ya kigingi nyuma yangu, akiangalia mahali nilipokuwa naangalia mimi. Niliondoka, na kunguru aliponifuata nilimshukuru Mungu. Kesho yake nilirudi kwa gari, nikasimama mbali kidogo na kuzima injini, na ndege yule aliendelea kuatamia kama vile sipo.

Tangu siku ile naamini kwamba mwenye kuchagua njia ni kiota, na kazi ya mpiga picha ni kulisoma chaguo hilo kwa usahihi. Njia zote nne zilizolinganishwa hapa ni nzuri mahali pake, na zote huweza kuua makinda zikitumiwa mahali pasipo pake.

Ndege gani hasa wana viota huku kwetu

Jambo hili lisemwe mapema kwa sababu huwagharimu watu safari nzima. Makundi makubwa ya sululu na kitwitwi yanayoonekana kwenye matope ya pwani yetu maji yanapokupwa, kuanzia karibu Agosti hadi Aprili au Mei, wengi wao ni wageni. Hutaga kaskazini ya mbali, Ulaya na Asia, baadhi yao hadi karibu na Ncha ya Kaskazini. Anayetafuta viota vyao katika hori ya Mida, pwani ya Kenya, au delta ya Rufiji, Tanzania, atasubiri bure. Hata yule mla kaa mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, ambaye Mida inasifika kwa ajili yake, hutaga ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani katika visiwa na fukwe za upande wa Uarabuni na Ghuba. Wasomaji wetu walioko Oman wamjue huyo kwa tahadhari ya pekee: mtu akitembea juu ya koloni lake, dari za mashimo humwangukia ndege aliyemo ndani pamoja na yai lake moja jeupe.

Wenye viota huku kwetu ni yangeyange, kulastara, korongo, kwarara na domomwiko kwenye miti na matete. Ndoero (lapwing), misese (avocet na stilt) na chekeamwezi (thick-knee) kwenye ardhi tupu. Silemaua (jacana) kwenye majani yanayoelea. Fundichuma (hamerkop) na jumba lake la vijiti. Heroe (flamingo) katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Na korongo-nyangumi (shoebill) katika mabwawa ya mafunjo ya Uganda na magharibi mwa Tanzania.

Vigezo vya ulinganisho

Nitaipima kila njia kwa mambo manne. Kwanza ni uvumilivu wa ndege: ndege huipokeaje njia hii, na hukubali ukaribu gani kabla hajaacha kuatamia. Pili ni pembe na nuru, yaani picha itapigwa kutoka kimo gani, na mpiga picha ana uhuru gani wa kulichagua jua. Tatu ni muda na gharama. Nne ni hatari, kwa kiota na kwa mtu mwenyewe, pamoja na ruhusa inayohitajika. Kigezo cha nne ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vingine, na sitajifanya kwamba vyote vinne vinalingana. Mayai yaliyo wazi juani katika nchi zetu hayahitaji adui mwingine; mzazi akikaa nje ya kiota saa sita mchana, dakika chache tu zatosha kukiua kiumbe kilichomo ndani ya ganda. Na adui mwingine yupo hata hivyo: kunguru, kenge, nguchiro, kongoti, na mwewe anayezunguka juu akingoja fujo.

1. Gari

Uvumilivu wa ndege. Kinachomtisha ndege zaidi ni umbo la binadamu aliyesimama kwa miguu miwili. Gari ni mnyama mkubwa asiyewahi kumla mtoto wake, hasa katika hifadhi ambamo magari hupita kila siku, kama Amboseli, Ziwa Manyara au Kreta ya Ngorongoro. Ndoero ambaye angempigia mtu kelele akiwa bado mbali na kumrukia kichwani huweza kubaki ameatamia mita kumi kutoka kwenye tairi. Sharti ni kwenda kwa vituo: gari lisimame mbali, lingoje, lisogee kidogo, lingoje tena, na kamwe lisimwelekee ndege moja kwa moja. Injini izimwe. Mlango ukifunguliwa, kila kitu kimeharibika.

Pembe na nuru. Hapa ndipo udhaifu wa gari ulipo. Dirisha liko juu, na ndege aliye chini huonekana kwa kutazamwa kutoka juu, mgongo ukiwa mkubwa kuliko uso. Ukisimama mbali zaidi ukatumia lenzi ya milimita 500 au 600, pembe hulala kidogo na kasoro hupungua. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, ukiwekwa kwenye ukingo wa dirisha, hushikilia lenzi nzito vizuri kuliko stendi yoyote niliyowahi kuijaribu ndani ya gari. Ila abiria wote watulie, kwa maana mtu wa kiti cha nyuma akijigeuza tu, picha hutikisika. Faida kubwa ni uhuru wa kuzunguka mpaka jua liwe nyuma yako, ilimradi barabara iko upande huo. Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi mvuke wa joto juu ya uwanda huanza kuyeyusha manyoya kwenye picha, na hakuna lenzi inayoutibu. Piga mapema, kisha pumzika.

Muda na gharama. Kwa mwenye gari lake na kituo kisicho mbali, hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii, kwani haihitaji siku za maandalizi. Kwa anayekodi gari la utalii, gharama ni kubwa kwa sababu ya malipo ya gari, dereva na kiingilio, na muda si wake: wenzake wakitaka kwenda kumtafuta simba, ndoero ataachwa.

Hatari na ruhusa. Mtu yuko salama zaidi dhidi ya nyati na tembo kuliko akiwa kwa miguu, na katika hifadhi nyingi za taifa hana hiari ya kushuka ila katika maeneo yaliyotengwa. Hatari iko chini ya magurudumu. Ndoero, misese na chekeamwezi hutaga juu ya ardhi tupu, na mayai yao yana rangi ya udongo kiasi kwamba unaweza kuyapita ukiyatazama. Kuacha njia kwa ajili ya picha moja kunaweza kusaga viota ambavyo hata hukujua vipo, na ndani ya hifadhi ni kosa.

Humfaa nani. Gari humfaa mwenye muda mfupi, mwenye watoto au wazee pamoja naye, na yeyote anayepiga picha za viota vya ardhini vilivyo karibu na barabara.

2. Kibanda cha kujifichia

Njia hii ina historia ndefu kuliko zote. Ndugu wawili wa Kiingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na baadaye walifika hadi kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya fremu ili wawakaribie ndege malishoni. Mwaka 1911 Emma Turner alipiga picha ya kinda la bittern, ndege wa matete wa jamaa ya kulastara, katika mabwawa ya Norfolk, na picha hiyo ikawa ushahidi kwamba ndege huyo, aliyekwisha kutoweka kama mtagaji nchini Uingereza, amerudi. Nalikumbuka jambo hilo kila ninapoulizwa faida ya kupiga picha kiota: picha moja iliyopigwa kwa subira inaweza kuwa hati ya ndege mzima.

Uvumilivu wa ndege. Kibanda kikiingizwa polepole, ndege hukisahau kabisa. Kikiingizwa kwa pupa, hukiacha kiota. Siku ya kwanza kiwekwe mbali sana, kitupu. Kila baada ya siku moja au mbili kisogezwe, na baada ya kila hatua mtu atazame kwa darubini akiwa mbali kama mzazi amerudi kuatamia kwa utulivu. Asiporudi ndani ya muda mfupi, kibanda kirudishwe nyuma. Siku ya kupiga picha waende watu wawili: mmoja aingie, mwingine aondoke akionekana waziwazi. Ndege humwona mtu akija na mtu akiondoka, naye hutulia. Kutoka ni vilevile, mwenzako aje kukuchukua, usichomoze ghafla kutoka ndani ya kitu ambacho ndege amekwisha kukiamini.

Ukivumilia hayo yote, utaona mambo ambayo hakuna njia nyingine itakuonyesha. Silemaua ni mfano ninaoupenda. Jike hutaga mayai manne ya kahawia yanayong'aa, yamechorwa mistari myeusi kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, juu ya majani yanayozama kidogo kila yanapokanyagwa; kisha huondoka kwenda kwa dume mwingine. Anayeatamia ni dume. Anayelea ni dume. Hatari ikija huwakusanya makinda chini ya mbawa zake na kutembea nao, na mpiga picha aliye kimya ndani ya kibanda huona ndege mmoja mwenye miguu mingi mirefu iliyoning'inia ubavuni.

Pembe na nuru. Kibanda kinaweza kuwekwa chini kabisa, lenzi ikawa sawa na jicho la ndege, na mandhari ya nyuma ikalainika. Lakini jua utakalolipata ni lile ulilolichagua siku ya kwanza. Kibanda kinachotazama magharibi hakifai jioni, kwa kuwa mvumilivu hana uhuru wa kuhama. Kwa yangeyange na ndege wengine weupe, nuru ya saa ya kwanza na ya mwisho ya mchana ndiyo pekee inayohifadhi mistari ya manyoya. Hata hapo punguza kiasi cha mwanga kidogo, maana kamera hudanganywa na maji meusi nyuma yao na kuufanya weupe uwe doa tupu.

Muda na gharama. Miti michache, turubai au magunia na makuti ya juu havimalizi fedha za mtu. Kinachomalizika ni siku: wiki moja au mbili za maandalizi, kisha saa nyingi ndani ya joto. Beba maji kuliko unavyodhani yatatosha.

Hatari na ruhusa. Kibanda ni alama. Watoto wa jirani watakuja kutazama, ng'ombe watakuja kujikuna, na kunguru watajifunza. Njia ya miguu inayoishia kibandani huwaongoza kenge na mbwa hadi kwenye mayai, kwa hiyo njia ipitilize mbele kidogo badala ya kukoma hapo. Koloni la yangeyange au korongo lisijengewe kibanda wakati limekwisha kutaga. Kijengwe kabla ya msimu au kisijengwe, kwa sababu ndege mmoja akiruka kwa hofu humwinua jirani, na jirani humwinua jirani yake, mayai na makinda yakaanguka. Mwenye shamba au uongozi wa kijiji uombwe ruhusa kwanza. Mahali penye kiboko, nyati au tembo, kibanda cha turubai si maficho hata kidogo.

Pale penye kibanda cha kudumu ambacho ndege wamekizoea miaka mingi, sehemu kubwa ya hatari hizi huondoka. Mida kuna njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia kilichopo mwisho wake, na picha za ndege wanaolisha maji yanapojaa na kuwasukuma karibu hupatikana pale bila mtu kukanyaga tope.

Humfaa nani. Kibanda humfaa mkaazi wa karibu anayeweza kurudi siku baada ya siku, mtafiti, na mtu anayemtaka ndege mmoja na maisha yake yote ya kiota.

3. Mtumbwi au boti

Uvumilivu wa ndege. Kwenye maji ambako wavuvi hupita kila alfajiri, mtumbwi ni sehemu ya mandhari. Kulastara aliyesimama kwenye mkoko humwacha mvuvi apite karibu sana; mtu yuleyule akishuka na kutembea ufukweni, ndege huondoka akiwa bado mbali. Boti ya injini ni jambo jingine, na injini lazima izimwe mapema, chombo kiteleze au kisukumwe kwa upondo. Mlio unaweza kuvumiliwa. Kisichovumilika ni mawimbi, kwa kuwa kiota cha silemaua au cha msese kwenye ukingo mdogo wa tope hulowa kwa wimbi moja tu la nyuma ya boti.

Pembe na nuru. Hakuna njia inayompa mtu pembe nzuri kirahisi kama hii. Umekaa karibu na usawa wa maji, kivuli cha ndege kiko mbele yako, na chombo huweza kuzunguka mpaka jua likae vizuri. Ubaya ni kwamba hakuna kitu kinachotulia. Stendi ya miguu mitatu haina maana. Shika lenzi nyepesi mkononi, milimita 300 au 400, na weka kasi ya shata isiyopungua 1/1600 ya sekunde hata kama ndege amesimama tuli. Kila nilipojaribu kupunguza kasi kwa tamaa ya picha safi zaidi, nilijuta.

Muda na gharama. Mtumbwi wa kijiji na mwenye kuujua mkondo ni bei ya kuzungumzika, nayo huingia mifukoni mwa watu wanaoishi na ndege hao, jambo linalowapa sababu ya kuwalinda. Katika ghuba ya Mabamba, karibu na Entebbe, waongozaji wa kijiji huwapeleka wageni kwa mitumbwi katikati ya mafunjo kumtafuta korongo-nyangumi. Pwani, saa si yako bali ni ya maji: fahamu bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) ni lini na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ni lini kabla hujapanga siku, la sivyo utakwama juu ya tope hadi jioni.

Hatari na ruhusa. Viboko na mamba wa mto Rufiji au Ziwa Baringo hawana habari na picha yako, na nahodha akisema turudi, mjadala uishe hapo. Chekeamwezi hupenda kutaga kwenye kingo za mchanga karibu na mahali mamba alipozika mayai yake, akinufaika na mlinzi ambaye hakumwajiri. Mpiga picha anayeshuka kwenye mchanga huo kutafuta mayai mawili ya ndege anaweza kuwa anatembea juu ya kiota cha mama mwingine kabisa. Maji ya chumvi huila kamera, hivyo mfuko wa plastiki na kitambaa kikavu viwe karibu. Korongo-nyangumi ni spishi iliyo hatarini. Hutaga mayai machache, na kwa kawaida hulea kinda mmoja tu hadi mwisho, kwa hiyo mtumbwi usikisogelee kiota chake hata kama mwongozaji, kwa kutaka kukufurahisha, yuko tayari kukupeleka.

Humfaa nani. Mtumbwi humfaa mwenye kamera nyepesi, anayetaka ndege akilisha na akitembea zaidi ya kiota chenyewe, na anayeweza kuogelea.

4. Kamera ya mbali

Uvumilivu wa ndege. Kwa ndege mmoja mmoja hii ndiyo njia inayomwondoa binadamu kabisa wakati wa kupiga, lakini humleta karibu mno wakati wa kutega. Mtu lazima afike kwenye kiota, aweke kitu kigeni, aondoke. Kwa hiyo hufaa pale ambapo ndege ana mahali pa kudumu panapoweza kutegwa kabla ya mayai. Fundichuma ni mfano bora. Huchukua wiki nyingi kujenga jumba lake la vijiti na matope kwenye panda ya mti, jumba linaloweza kufikia upana wa mita moja na nusu, na mlango wake wa pembeni uliosiribwa kwa udongo hauhami. Kamera ikikaa hapo tangu siku za ujenzi, ndege huihesabu kama tawi. Kwa ndoero au msese ambaye mayai yake yako wazi juani, usitege kamwe.

Pembe na nuru. Lenzi pana karibu na ndege huonyesha kiota pamoja na bwawa, mti na mawingu, picha ambayo lenzi ya milimita 600 haiwezi kuitoa. Hata hivyo unabuni tu mahali ndege atakaposimama, na mara nyingi hasimami hapo. Shata ya kimya ni ya lazima.

Muda na gharama. Utahitaji kamera ya pili, rimoti au simu inayoshika mawimbi ya kamera, betri za ziada, na moyo wa kukubali kwamba nyani au mwizi anaweza kuondoka na vyote. Kamera za mtego zinazotumia mwanga usioonekana ni nafuu zaidi. Picha zake si nzuri sana, ila hueleza nani huja usiku kula mayai.

Hatari na ruhusa. Droni huingia katika kundi hili, na nyingi ya simu ninazopigiwa huihusu. Katika hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania hairuhusiwi bila kibali maalumu. Hata nje ya hifadhi, kuirusha juu ya koloni ni kuwaletea ndege mwewe wa plastiki. Wanaoitaka hutaja Ziwa Natron, na kwa kweli hakuna mahali panapomfanya mtu atake mbawa kama pale: karibu heroe wote wa spishi ile ndogo wa Afrika Mashariki hutaga huko, juu ya vichuguu vya matope katikati ya magadi, yai moja kila kichuguu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuwafikia kwa miguu, magadi yakamchoma miguu vibaya, nusura afe, na akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Kuwaona kwake kulifanikiwa kwa kuwatazama kutoka angani, kwa ndege ndogo. Leo, picha ya heroe mzuri hupatikana kwenye kingo za maziwa wanakolisha, na koloni linabaki salama kwa sababu hatulifikii.

Humfaa nani. Kamera ya mbali humfaa mwenye uzoefu wa kutosha kujua mzazi ameondoka kwa muda gani na atarudi lini, na mwenye kufanya kazi pamoja na watafiti.

Kuchagua kwa hali yako

Kama una siku mbili tu na hujawahi kupiga picha za ndege hawa, kaa garini kando ya bwawa au nenda kwenye kibanda cha kudumu, uache viota kabisa. Msogeleo wa kiota si kazi ya mgeni mwenye tiketi ya kurudi kesho.

Kama unaishi karibu na bwawa la kijiji lenye silemaua, jenga kibanda, na anza kuzungumza na wachungaji kabla ya kununua turubai. Wao wanajua ndege hutaga wapi na kwa mvua zipi.

Kama koloni la yangeyange liko juu ya mti katikati ya mji au kando ya barabara kuu, mahali ambapo ndege wamezoea pikipiki na masoko, huhitaji njia yoyote kati ya hizi nne. Simama mbali na mti, tumia stendi, njoo asubuhi mzazi anaporudi na chakula, na usikate hata kijitawi kimoja kinachoziba kinda: kinamwekea kivuli. Taa ya kamera ibaki imezimwa.

Kama unaishi Uingereza, kumbuka kwamba sheria ya mwaka 1981 inadai leseni kabla ya mtu kumsumbua kwenye kiota ndege aliyeorodheshwa, na msese mwenye mdomo uliopinda juu ni mmoja wao. Vibanda vya kudumu katika hifadhi za ndege vitakupa picha bila leseni.

Kama umempata korongo-taji ametaga bwawani, iwe Rwanda, Uganda au Kenya, piga kutoka mbali, kisha ondoa taarifa za mahali kwenye picha kabla ya kuituma kwa yeyote. Ndege huyu yuko hatarini kutoweka, na makinda wake hukamatwa kwa ajili ya kuuzwa.

Na kama umekanyaga karibu na kiota bila kukusudia, una simu tu mfukoni, na mzazi anazunguka akilia au anajifanya amevunjika bawa ili umfuate: mfuate hatua chache kuelekea huko anakokuita, ondoka kwa njia uliyojia ukiangalia unapoweka mguu, na baada ya robo saa tazama kutoka mbali kama amerudi.